Utani, Tusi na Cheo

Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, katika Tabora ya leo, hadi pwani ya Bagamoyo. Katika safari hizo ulikua utani kati yao na Wazaramo: ruhusa ya kukejeliana bila kuudhika, hata msibani, pamoja na wajibu wa kusaidiana.

Wapo Wakristo wenzangu wanaouhesabu utani kuwa matusi. Sikubaliani nao, kwa sababu utani una sharti: nikikutania, nawe unitanie. Ofisa anayemkejeli mwananchi kwa kabila lake hatanii, maana mwananchi mwenye shida hathubutu kumjibu. Hilo ni tusi, na Mathayo 5 inamtaka aliyekosa aache sadaka yake madhabahuni, akapatane kwanza na nduguye.

Kwetu mambo yamegeuzwa. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, wapo waliofikishwa mahakamani kwa kuwakejeli wakubwa. Mkubwa anayemdhalilisha mdogo ni nadra kuulizwa. Mkristo mwenye cheo hana budi kuwa mwepesi wa kuomba radhi na mzito wa kuudhika.