Tabo Isihukumiwe Kabla ya Mipira Yake

Madhali mji wa Diff, huko Wajir Kusini karibu na mpaka wa Somalia, hutegemea magari yakatizayo mchanga na jua kali, naona ni dhuluma mwenye gari kuukuu la dizeli, kama vile Toyota HiAce, kuambiwa anunue tabo mpya kwa kuwa tu gari limepungukiwa na nguvu.

Tabo, ambayo Mswisi Alfred Büchi alisajili hataza yake mwaka 1905, huzungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa zaidi ndani ya silinda. Na katika magari mengi ya rika hilo msukumo huo hutawaliwa na vakyumu ipitayo katika vimipira vyembamba hadi kwenye kikombe chenye fimbo ya chuma, navyo vimipira hivyo, kwa joto la injini na la nchi, aghalabu hukauka vikapasuka.

Fundi mwenye insafu, basi, huanza na chujio la hewa, ambalo vumbi letu huliziba upesi, kisha hukagua mipira mikubwa na vibano vyake, kwani moshi mweusi pamoja na mlio wa kuvuja ni dalili ya hewa kupotea njiani; halafu huvuta vakyumu kwa pampu ya mkono, aone kama fimbo yasogea na kutulia pasipo kurudi. Kipimo hiki, kibainishacho mengi, ndicho kirukwacho. Ila mhimili ukilegea hata mapanga yakakwaruza nyumba yake, tabo imekwisha, na ibadilishwe.

Serikali ya Kaunti ya Wajir na iviwezeshe vyuo vyake vya ufundi kwa pampu hizo, vijana wafundishwe kupima kwanza.