Shilingi ya Simba: Isome Kabla ya Kuiuza

Mwezi huu hapa Kwapa tunaongea juu ya zile shilingi za simba ambazo wazee wetu walizifunga kwenye pindo la leso. Zilitumika pande zote mbili za mpaka huu, na Tanganyika pia. Shida ya dawa ikiingia, mtu anauza ile mkono umeshika kwanza. Hapo ndipo tunapunjwa, maana zinafanana lakini hazilingani.

Za mwaka 1921 hadi 1946 zina madini ya fedha, ile tunayoita silva. Ni robo tu ya uzito wake, karibu gramu 2 kwa kila shilingi. Za 1948 hadi 1952 ni shaba na nikeli, silva hakuna. Sumaku haisaidii hapa, kwa sababu hainasi hizi wala zile.

Je, kama mwaka umefutika? Geuza upande wa mfalme, usome maandishi ya pembeni. Ukiona IND:IMP:, maana yake mtawala wa India, hiyo ina silva. India ilipata uhuru 1947, na cheo hicho kikaondolewa. Za 1948 kuendelea zinasema GEORGIVS SEXTVS REX, basi.

Tafuteni pia herufi ndogo ya kiwanda. H na KN ni Birmingham, SA ni Pretoria, I ni Bombay. Wanaokusanya sarafu huiulizia, kwa hiyo ijueni kabla bei haijatajwa.

Sasa kuchakaa. Angalia shavu la mfalme na ubavu wa simba. Pakiwa bapa na laini, imepita mikono mingi. Lakini picha ikiwa hafifu na uso bado haujalainika, huenda muhuri wa kiwandani ndio ulikuwa umechoka, si sarafu.

Tafadhali, msizisugue kwa mchanga wala majivu. Kung'aa kwa namna hiyo kunashusha bei.

Tusidanganyane, gramu 2 za silva si utajiri. Lakini mnunuzi akija na haraka zake, mwambie, "Ngoja kwanza tusome." Na ukiweza, moja ya nyanya ibaki kwa watoto.

Tukutane mwezi ujao.