Sri Lanka: Wasingala ni nani, na juu ya nini asili yao iliingizwa mu siasa?

Mwezi wa 11 mwaka 2024, Sri Lanka ilichagua wabunge. Kule Jaffna, kaskazini, kwa Watamil, chama cha raisi Anura Kumara Dissanayake, ambaye ni Msingala, kilishika nafasi ya kwanza mbele ya vyama vya Watamil wenyewe. Miaka 20 nyuma, nani angesadiki?

Wasingala ni karibu watu 3 kati ya 4 kwenye ile inchi, kisiwa kilicho kusini mwa India. Jina lao linatoka ku neno sinha, ni kusema simba, na simba mwenye upanga yuko ku bendera mpaka leo. Lugha yao ni ndugu ya lugha za India ya kaskazini, sawa Kibengali. Kitamil ni ya ukoo mwingine kabisa. Wengi wao ni Wabuda, hata kama pembeni ya bahari, sawa kule Negombo, kuna Wakatoliki wengi. Watamil, wengi ni Wahindu.

Mahavamsa, kitabu ambacho watawa wa Kibuda waliandika miaka kama 1500 iliyopita, kinaeleza kwamba Vijaya, mtoto wa mfalme, alifukuzwa kwao India, akavuka bahari na wenzake 700. Wanasiasa wengi walishikilia pale tu: kisiwa ni chetu, na dini ni yetu kuilinda. Kurasa zingine wanaziruka. Kitabu kile kile kinasema Vijaya alikuta watu, akaoa Kuveni, mwanamuke wa pale pale, kisha akamufukuza. Halafu yeye na wenzake wakatuma watu kutafuta bibi Madurai, mu inchi ya Watamil! Kumbe ata mu hadisi yenyewe, damu ilichanganyika tangu mwanzo.

Mwaka 1956, waziri mkuu Bandaranaike alifanya Kisingala kuwa lugha moja tu ya serikali. Mtamil mwenye kazi ya ofisi akajikuta mgeni kwao. Bandaranaike mwenyewe aliuawa mwaka 1959, na aliyemupiga risasi alikuwa mtawa wa Kibuda. Kitamil kilikubaliwa kuwa lugha rasmi mwaka 1987 tu, wakati vita ilikuwa imeanza tangu 1983. Iliisha mwaka 2009.

Basi zile kura za Jaffna hazikufuta deni. Kule kaskazini, kuna mashamba ambayo jeshi halijarudisha, na wamama wangali wanabeba picha za watoto waliopotea.