Bangi: mbele ya kusema ndiyo ao hapana, tuulize nani atafukuzwa kazi

Siku hizi, mu bisi zenye kutupeleka ku kazi, ku malewa, hata inje ya kanisa, mazungumuzo ni moja tu: "Zambia wamesharuhusu bangi, Afrika ya Kusini wameruhusu, Ujerumani wameruhusu. Sisi Kongo tunangoja nini?" Vijana wanacheka. Wamama wanaogopa. Na sisi watu wa sendika wanatuuliza: ninyi muko upande gani?

Nitajibu wazi. Siko upande wa wale wanaotaka bangi iuzwe mu kila kantini sawa sigara. Lakini siko pia upande wa wale wanaosema kila mwenye kuvuta atupwe mu buloko na kazi yake ikatwe. Kwetu watu wa mine, ulizo kubwa haiko "inaruhusiwa ao inakatazwa". Ulizo ni hii: siku watakupima ku mulango wa sosiete, testi itaonyesha nini, na nyuma ya pale watakufanya nini?

Kwanza tusidanganyane juu ya jirani. Zambia ilitunga sheria ya bangi katika 2021. Ile sheria inaruhusu kulima na kuuzisha inje kwa ajili ya dawa na uchunguzi, tena kwa mwenye kuwa na kibali cha serkali. Kijana wa Chingola ao wa Kitwe mwenye kushikwa anavuta mu barabara, polisi itamubeba sawa zamani. Afrika ya Kusini, tribinali yao ya katiba ilisema katika 2018 kama mutu mukubwa anaweza kuvuta na kupanda kwake, mu siri ya nyumba yake. Sheria ilitiwa sinyatiri katika mwezi wa 5, 2024. Lakini kuuza na kununua bado inakatazwa. Ujerumani, tangu tarehe 1 mwezi wa 4, 2024, mutu mukubwa anaweza kutembea na gramu 25 na kupanda miti tatu kwake. Kwa hiyo neno "wameruhusu" iko na mifuko mingi. Kila inchi iliweka kitu yake ndani.

Sasa musikilize mambo mbili zilizotokea Afrika ya Kusini, maana ni inchi ya mine sawa yetu.

Ya kwanza: mama mumoja alikuwa anatumika mu biro. Alikuwa anatumia bangi kwake nyumbani juu ya maumivu na kukosa usingizi. Sosiete ikamupima, testi ikatoka mbaya, wakamufukuza. Katika 2024, tribinali ya rufani ya mambo ya kazi ikasema ule mupatroni alimuonea, na ikamuamuru alipe mishahara ya miezi 24. Hakuna mwenye alionyesha kama alikuja ku kazi akiwa amelewa, na kazi yake haikuwa ya hatari. Ya pili: wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha vioo, kwenye kuko moto na mashini za hatari, nao walipimwa, wakafukuzwa. Wao walipoteza. Tribinali ilisema mu kazi ya hatari, mupatroni anaweza kuweka sheria kali.

Munaona? Bangi ni ileile, sheria ya inchi ni ileile, lakini mumoja analipwa, wengine wanaenda nyumbani mikono mitupu. Na sisi wa mine, tunafanana na nani? Hatufanane na ule mama wa biro. Tunafanana na wale wa kiwanda cha vioo. Kijana mwenye kufikiri kama siku Kinshasa wataruhusu bangi njo kazi yake itakuwa salama, anajidanganya. Mulango wa sosiete iko na sheria yake.

Na mimi siwezi kusema ile sheria haina maana. Mutu mwenye kuendesha kamyo yenye kubeba tani 100 ya majiwe, mwenye kutengeneza baruti, mwenye kushimama ku kamba ya kupandisha wenzake, anapashwa kuwa na akili wazi. Bangi inachelewesha macho na mikono. Sekunde mbili za kuchelewa ku mutelemuko wa kariere, ni maiti tatu ao ine. Sendika haitetee mutu aendeshe akiwa amelewa. Wenzake pia ni watu wetu, na wako na bibi na watoto.

Lakini njo hapa jambo inakuwa nguvu. Alkotesti inapima pombe yenye kuwa ndani yako saa ile. Kunywa siku ya posho mangaribi, siku ya kwanza asubui uko safi. Testi ya mukojo ya bangi haiko vile. Haipime kulewa. Inapima mabaki. Mwenye kuvuta mara moja, mabaki inaweza kubakia siku kazaa. Mwenye kuvuta kila siku, majuma, hata mwezi. Tulishafuata kesi ya shofere mumoja, mu sosiete moja yenye sitataja jina. Alivuta siku ya posho mu kilio ya ndugu yake, wakamupima siku ya tatu. Miaka tisa ya kazi bila aksida, wakaimaliza na karatasi moja. Hakuna mwenye alimuona anayumba. Hakuna testi ya pili. Hakuna daktari aliyemuuliza kitu. Na siku ileile, mashefu na wageni wa inje walipita ku mulango mu ma jipe zao bila kupimwa.

Ile, hapana. Inaweza kufanywa vizuri zaidi. Testi ya mate inaonyesha bangi ya karibuni, ya masaa ao siku moja hivi. Testi ya damu inaweza kuonyesha kiasi. Ujerumani, walipobadilisha sheria, waliweka pia kipimo mu damu kwa mwenye kuendesha motokari. Walijua kama kuruhusu bila kipimo ya haki ni mutego tu.

Tusisahau wandugu zetu wachimbaji wa mikono, wa creusage. Pale hakuna mulango, hakuna testi. Juu ya nini wengi wanavuta mbele ya kushuka? Waulize, watakuambia: juu ya kuondoa woga, na juu ya kusahau njaa. Lakini woga ule njo unamuambia mutu: toka, udongo unasonga. Bangi inafunga ule mudomo. Sheria inasema shimo isipite metre 30. Sisi wote tunajua zenye kupita. Kuruhusu bangi haitapunguza urefu wa shimo, na kuikataza pia haitaupunguza. Code minier inasema kuko sehemu za wachimbaji wa mikono, zenye zinaitwa ZEA. Tupewe za kweli, zenye kuwa na mali, na zenye kuchunguliwa. Mutu mwenye kushuka mu shimo ya kutegemezwa muzuri hatatafuta dawa ya woga.

Na wale wenye kusema "tukataze tu, tuongeze buloko", niwaulize: lutuku, ni nani aliiruhusu? Tangu wakati wa Wabelgiji inakatazwa, na kila kartie iko na mama mwenye kuipika. Kitu yenye ilibadilika ni feza yenye inaingia mu mufuko wa mwenye kuvaa iniforme. Kila mara ni mutoto wa masikini njo anashikwa, si mwenye kuleta kilo mingi na kamyo. Tena, OMS ilitangaza katika 2024 kama pombe inaua watu karibu milioni 2.6 kwa mwaka mu dunia, na madawa ingine ya kulevya karibu 600,000. Yenye inaruhusiwa njo inaua zaidi. Hii inapashwa kuwaonya pande zote mbili: mwenye kufikiri ruhusa inaponya, na mwenye kufikiri hatari yetu ni bangi tu.

Basi tuombe nini? Tusingoje depite. Mapatano ya kazi, convention collective, tunaiandika sisi na mupatroni. Delege wako aombe mambo ine.

Moja: testi ya kwanza ikitoka mbaya, ifanywe ya pili, ya mate ao ya damu, mbele ya daktari na delege. Mbili: mutu atolewe ku mashini siku ile, lakini mara ya kwanza atumwe kutunzwa na abakie na kazi yake. Mwenye kurudilia ku kazi akiwa amelewa, pale hatutamufunika. Tatu: wote wapimwe, tangu mwenye kufagia mpaka directeur, pamoja na watu wa sous-traitance, na pombe ipimwe sawa bangi. Ine: comité ya hygiène na sécurité ipewe hesabu ya testi kila miezi mitatu, bila majina, tujue ni poste gani watu wanaanguka sana. Mara mingi utakuta ni pale kwenye saa 12 za usiku zinafuatana bila mapumuziko.

Wamama, ninyi pia muko na sehemu. Ukiona bwana ao mutoto ameingia mu ile mambo, usimufiche mpaka siku ya mulango. Ita delege mbele ya testi. Mutu mwenye kujitangaza mwenyewe na kuomba dawa, tunaweza kumutetea ku meza. Mwenye kushikwa, ni nguvu.

Inchi ibishane juu ya bangi, ni vizuri. Lakini ku mkutano wa sendika wenye kuja, mulete hii jambo ku ordre du jour. Mupatroni yeye ameshaandika sheria yake. Tuandike yetu.