Anayehesabu Akiondolewa

Makamanda, tukisikia rushwa wengi tunawaza elfu kumi ya trafiki barabarani. Hiyo ndogo. Inayoua demokrasia ni ile inayolindwa kwa kumnyamazisha anayehesabu.

CAG, Prof. Mussa Assad, alipohojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa alisema ripoti zake kutofanyiwa kazi ni udhaifu wa Bunge. Udhaifu, basi! Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba akaondolewa, hata miaka 60 hajafikisha. Zitto Kabwe akaenda mahakamani, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kule kulivunja Katiba. Kama mwanafunzi wa sheria hukumu ile naipenda. Kama mpiga kura inaniuma: miaka mitatu ilishapita, kiti kina mtu mwingine.

Afrika Kusini nako Bunge lilimkingia kifua Zuma, Thuli Madonsela alipobaini fedha za umma zimetumika nyumbani kwake Nkandla. Lakini Machi 2016 Mahakama ya Katiba ikasema Bunge limekiuka wajibu wake, Zuma akiwa bado madarakani. Akalipa.

Sisi wa Kifaru Dodoma ni mbali, ila mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria kila miezi mitatu. Njooni na daftari, tudai mapato na matumizi yasomwe, shilingi kwa shilingi. Mkiambiwa "mkutano ujao", ombeni jibu hilo liandikwe kwenye muhtasari.