Surua: Mkomani haitalindwa na dozi moja

MTOTO anaposhikwa na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, wazazi wengi hudhani ni homa ya kawaida. Upele unapojitokeza siku chache baadaye, huenda tayari amekwisha kuwaambukiza wenzake.

Hapo ndipo ilipo hatari ya surua, ambao wengine huuita ukambi. Ugonjwa huu husababishwa na kirusi. Hautokani na joto wala jicho la hasidi. Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, virusi hubaki hewani hata saa 2 baada ya yeye kuondoka. Huambukiza tangu siku 4 kabla ya upele hadi siku 4 baadaye. Kati ya watu 10 wasio na kinga walio karibu naye, 9 huweza kuambukizwa.

Kwa mtaa kama Mkomani, mjini Lamu, jambo hili si dogo. Nyumba za mawe zimeshikana, vichochoro ni vyembamba, watoto hukaa bega kwa bega chuoni, nazo mashua huleta wageni kutoka Mokowe na visiwa jirani. Hata desturi njema ya kumjulia hali mgonjwa yaweza kumpeleka mtoto mchanga penye maradhi.

Mlipuko ulioikumba Kenya kati ya 2005 na 2007 ulidhihirisha kwamba kirusi hiki huwatafuta wasiochanjwa popote walipo.

Kinga ni chanjo, lakini hesabu yake yafaa ieleweke. Dozi ya kwanza, inayotolewa kwa mtoto wa miezi 9, huwakinga takriban watoto 85 kati ya 100. Ili kuzuia maambukizi, Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri angalau watu 95 kati ya 100 wapate dozi zote mbili. Kwa hivyo, hata kila mtoto akipata dozi ya kwanza, pengo lingalipo. Ndiyo sababu Kenya iliongeza ya pili, ya miezi 18, mwaka wa 2013.

Mtoto wa umri huo huwa anatembea na ana afya, na ni rahisi mzazi kudhani safari za kliniki zimekwisha. Dhana hiyo ndiyo ya kuondolewa. Surua huweza kuleta nimonia, upofu na hata kifo, na wa kwanza kudhurika ni mchanga wa jirani ambaye hajafikia umri wa kuchanjwa.