Jaribio Si Tiba

Mnamo Oktoba 2014, ulimwengu ulitangaziwa kwamba mtu aliyepooza miguu nchini Poland alikuwa ametembea tena. Wengi waliliita tukio hilo muujiza. Sisi tunaofundisha isimu twajua kuwa neno likichaguliwa vibaya laweza kudhuru kuliko kimya.

Ukweli wenyewe ni huu. Mwaka wa 2012, mjini Wrocław, Daktari Paweł Tabakow na wenzake walichukua seli za mfumo wa kunusa wa mgonjwa mwenyewe, wakazipandikiza katika uti wa mgongo wake uliokatwa kwa kisu. Pengo la milimita 8 wakaliziba kwa vipande vya neva kutoka karibu na kifundo cha mguu. Seli hizo, alizozitafiti kwa miaka mingi Profesa Geoffrey Raisman wa London, huziongoza neva za pua zinapokua upya maishani mwetu. Baada ya mazoezi mazito, mgonjwa alirejewa na sehemu ya hisi na nguvu, akatembea kwa kushikilia fremu.

Hayo si madogo. Hata hivyo, dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu si mvua. Mgonjwa mmoja hathibitishi tiba. Jamaa wasomapo "tiba" gazetini huenda wakauza shamba, wampeleke mgonjwa wao ng'ambo kwa walaghai.

Basi waandishi na tuseme "jaribio" panapostahili "jaribio". Aliyepooza ana haki ya kutumaini. Ana haki pia ya kuambiwa kweli.